Dondoo muhimu: Maelezo ndani ya msimbo

Katika Python, maelezo huanza kwa alama ya reli (#). Katika JavaScript, kwa mikwaju miwili (//). Kompyuta huyaruka. Anayeyahitaji ni mtu atakayeusoma msimbo baadaye, ukiwemo wewe mwenyewe.

Eleza sababu, si kitendo. Mstari *jumla = bei * 1.16* unajieleza, kuongeza “zidisha bei kwa 1.16” hakumsaidii yeyote. Andika: *# VAT ya Kenya, asilimia 16*. Hapo msomaji anajua namba imetoka wapi.

Ukigusa msimbo, gusa na maelezo yake papo hapo. Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT hadi asilimia 14, ikairudisha 16 Januari 2021. Programu iliyobadilishwa namba ikaachiwa maelezo ya zamani humpotosha kila anayeifungua, na hilo ni baya kuliko kukosa maelezo kabisa.

Majina mazuri hupunguza kazi ya kueleza: *kiwango_cha_vat* kinaeleweka, *x* haieleweki.

Andika maelezo kwa Kiswahili ikiwa wenzako wanakisoma. Ila nywila usiziweke humo kamwe: kila atakayepewa faili ataziona.