Janga Linapopita, Nani Atabaki Mlangoni pa Dharura?

Katika familia zetu wamo vijana wanaosoma udaktari, na wamo wengine walioko sekondari wanaotamani kuusomea. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19, vijana hao walipata kuona kazi ya daktari ilivyo wakati wa hatari. Wapo waliotiwa moyo na wapo waliovunjika moyo. Je, janga la namna hii huwaongeza vijana wanaotaka kuwa madaktari wa dharura, au huwapunguza?

Swali hili si la wanafunzi peke yao. Mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, au mama akivuja damu baada ya kujifungua, mtu wa kwanza tunayemhitaji ni yule aliyefunzwa kumpokea mgonjwa mahututi. Vijana wasipoipenda kazi hiyo leo, kesho mlango utakuwa wazi lakini hatakuwapo wa kutupokea.

TIBA YA DHARURA NI NINI?

Zamani, katika hospitali nyingi, mgonjwa mahututi alipokelewa na yeyote aliyekuwa zamu, mara nyingi daktari mchanga kuliko wote. Tiba ya dharura ni ubingwa wa kumpokea mgonjwa yeyote, mtoto au mzee, mwenye jeraha au mwenye homa, hata kabla ugonjwa wake haujajulikana. Daktari hufungua kwanza njia ya hewa, husaidia upumuaji, huzuia damu isiendelee kutoka, ndipo hutafuta chanzo cha ugonjwa.

Ubingwa huu bado ni mchanga. Huko Marekani mafunzo yake ya kwanza yalianza mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, na mwaka 1979 ukatambuliwa rasmi. Kwetu Tanzania, Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kuwafundisha mabingwa, na wa kwanza walihitimu mwaka 2013.

MFANO WA MAREKANI

Tutazame Marekani, kwa sababu huko ni rahisi kuona vijana wanachagua nini. Kila mwaka, mwezi wa Machi, wanafunzi wanaomaliza udaktari hupangiwa hospitali watakakosomea ubingwa. Nafasi zinazobaki wazi huhesabiwa na kutangazwa.

Mwaka 2021, janga likiwa limepamba moto, nafasi za tiba ya dharura zilijazwa karibu zote. Mwaka 2022 zilibaki wazi zaidi ya 200. Mwaka 2023 zikabaki zaidi ya 550, kati ya nafasi 3,000 hivi. Kisha hali ikageuka: mwaka 2024 zilibaki 135, na mwaka 2025 hazikufika 100.

Msomaji wa haraka atasema kwamba vijana waliogopa ugonjwa, kisha hofu ikawatoka. Tusikimbilie kusema hivyo. Kama ni hofu ya kuambukizwa peke yake, mbona mwaka 2021 nafasi zilijaa? Kumbuka pia kwamba mwanafunzi anayemaliza amekwisha kuamua njia yake mapema. Wale wa mwaka 2021 wengi walikuwa wameelekeza nia yao huko kabla janga halijaanza. Athari ya janga ilitarajiwa kuonekana zaidi kwa wadogo zao waliowafuata. Sababu zinazotajwa ni hizi:

Kwanza, wanafunzi waliondolewa wodini. Tarehe 17 Machi 2020 jumuiya ya vyuo vya udaktari ya huko ilivishauri vyuo kusitisha kazi za wanafunzi zinazowakutanisha na wagonjwa. Shabaha ilikuwa njema: kuwalinda vijana, na kutotumia ovyo barakoa na mavazi ya kujikinga yaliyokuwa haba. Lakini tiba ya dharura haijulikani kwa kusoma vitabu tu. Kijana huipenda anapomwona mgonjwa aliyeingia hajiwezi akifumbua macho na kuuliza yuko wapi. Aliyekosa kuona hayo alibaki na habari za redio na televisheni.

Pili, wanafunzi waliporudi waliwakuta walimu wao wamechoka. Wagonjwa waliokwisha kulazwa walikaa saa nyingi, pengine siku nzima, katika idara ya dharura wakingoja kitanda wodini. Wauguzi walikuwa wachache, na matusi ya watu wenye hasira yalikuwa mengi. Mwanafunzi humtazama mwalimu wake na kujiuliza: je, nami nitakuwa hivi?

Tatu, mwaka 2021 chama cha madaktari wa dharura cha Marekani kilitoa makadirio kwamba ifikapo mwaka 2030 madaktari hao wangezidi mahitaji kwa karibu 7,800. Kijana mwenye deni kubwa la masomo akisikia hivyo hufikiri mara mbili. Na wakati huohuo nafasi za mafunzo zilikuwa zimeongezwa mwaka hadi mwaka, hivyo waombaji walipopungua, pengo lilionekana kubwa zaidi.

Basi, janga halikufanya kazi peke yake. Lilikuja juu ya mizigo iliyokuwapo, na mizigo hiyo ikaonekana wazi.

MWANAFUNZI AKIPEWA KAZI NA MSIMAMIZI

Kuna mfano mwingine wa zamani, nao unaonyesha upande wa pili. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulipatwa na mlipuko mkubwa wa polio. Ugonjwa ulipooza misuli ya kupumua. Katika majuma ya mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliopata shida hiyo, 27 walifariki. Ndipo daktari Bjørn Ibsen alipoonyesha njia: kutoboa koo, kuingiza mpira katika njia ya hewa, na kumpulizia mgonjwa hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono.

Lakini nani angeminya mfuko usiku na mchana, kwa majuma mengi? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500, wakafanya kazi kwa zamu. Vifo vilipungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha wodi ya wagonjwa mahututi, ambayo huhesabiwa kuwa mama wa wodi zote za namna hiyo duniani.

Wanafunzi wale hawakuachwa wahangaike peke yao. Walipewa kazi moja iliyoeleweka, wakafundishwa namna ya kuifanya, wakawa na wakubwa karibu. Hapo ndipo penye fundisho. Kijana havunjwi moyo na kazi ngumu tu. Huvunjwa moyo na kazi ngumu asiyofundishwa, asiyosaidiwa, au asiyoruhusiwa hata kuiona.

NA SISI JE?

Tanzania nayo ilifunga vyuo katikati ya Machi 2020, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Wanafunzi wetu wa udaktari walirudi nyumbani kama wengine. Hapa kwetu shida si madaktari wa dharura kuzidi, bali ni wachache mno kwa nchi kubwa kama hii. Kwa hiyo habari za Marekani zisiwatishe vijana wetu kwamba kazi imekwisha. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyahimiza mataifa yote kuimarisha huduma za dharura, na kazi hiyo haifanyiki bila watu waliofunzwa.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Kijana asikilizwe. Akisema anataka kusomea tiba ya dharura, tusimkatishe kwa kumwambia kwamba ni kazi ya damu na ajali. Akisema anaogopa, tusimwite mwoga. Tumwulize ameona nini, na nani anamwongoza.

2. Aone kazi yenyewe. Mwanafunzi wa udaktari aombe chuoni kufanya zamu chini ya daktari mzoefu kabla ya kuamua. Asichague kwa sifa za ushujaa, wala asikatae kwa habari za kutisha.

3. Apumzike. Anayetoka zamu ya usiku asipokelewe na orodha ya kazi za nyumbani. Alale, ale, kisha azungumze. Akiona hapati usingizi au kila mara anakumbuka waliofariki, atafute msaada wa mshauri au daktari mapema.

4. Tuwaheshimu wanaotupokea. Tukifika hospitali na mgonjwa wetu, tukumbuke kwamba idara ya dharura haifuati nani katangulia kufika, bali nani yuko hatarini zaidi. Mwanafunzi aliyesimama pale anatutazama. Matusi yetu yanaweza kumfukuza daktari wa kesho, na neno la asante linaweza kumbakiza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Wakati wa UVIKO-19, vijana wetu walisikia nini kutoka kwetu juu ya madaktari na wauguzi: sifa, lawama au hofu?

2. Katika eneo letu, mgonjwa mahututi akifika hospitali usiku, anapokelewa na nani?

3. Kuna kijana gani kati yetu anayesoma udaktari au uuguzi, na mwezi huu tumsaidieje?