Ramani ya Zamani na Mali ya Mjerumani: Kijitabu kwa Wananchi wa Mbeya na Iringa

Katika nyanda za juu kusini habari za "mali ya Mjerumani" haziishi. Husemwa kwamba wakoloni walipokimbia walifukia masanduku ya dhahabu chini ya maboma na misheni zao, na kwamba mwenye ramani ya zamani na mashine ya kutafutia dhahabu, kama zile za wachimbaji wa Chunya, atayafikia. Kijitabu hiki hakikatai kwamba ramani yaweza kumfikisha mtu palipokuwa na jengo lililotoweka. Kinachosema ni kwamba mali iliyopo pale ni namna vitu vilivyolala ardhini, nayo huharibika kwa sululu ya kwanza.

Ramani kubwa ya koloni la Wajerumani, iliyoanzwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ilichorwa kwa kipimo cha 1:300,000. Milimita moja karatasini ni mita 300 ardhini; alama ndogo kama punje ya mtama imefunika kitongoji kizima. Ramani za Waingereza za 1:50,000 ni bora zaidi, ingawa hata humo milimita moja ni mita 50. Mtego mkubwa kuliko kipimo ni majina, kwa sababu jina huhama na nyumba haihami. Iringa ya mwanzo ya Wajerumani ni Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe waliyoiteka Oktoba 1894. Mji wa leo waliuanzisha baadaye wakauita Iringa Mpya. Langenburg ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa kabla jina halijapanda mlimani hadi Tukuyu. Utengule iko Usangu, na nyingine iko Usafwa. Mji wa Mbeya nao ulianza miaka ya 1920, enzi za dhahabu ya Lupa, Mjerumani akiwa ameshaondoka. Anayekuuzia ramani ya boma la Kijerumani katikati ya Mbeya mjini amekuuzia karatasi. Ndiyo maana ramani haitoshi bila miguu na masikio: safu ya mikaratusi isiyo na nyumba, mawe ya msingi katikati ya mahindi, na wazee wanaojua mahame ni yapi, maana hata vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 viliacha mahame mengi.

Wapo watakaosema: lakini dhahabu ilikuwepo. Ilikuwepo, kidogo. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, vipande 16,000 na kitu kwa koloni zima. Lakini tazama sababu yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Wajerumani ilikuwa imezingirwa na imeishiwa sarafu. Tangu mwaka uliotangulia ilikuwa ikichapisha noti za dharura humu humu nchini. Mwenye kulipa kwa karatasi hana masanduku ya kufukia Rungwe. Mashine ikilia kwenye mahame, kwa kawaida imekuta msumari, kipande cha bati au ganda la risasi.

Na msumari huo una kazi. Ukiwa mahali pake, pamoja na wenzake, unaonyesha paa liliangukia wapi. Kigae cha chungu kilicho kando kinaonyesha jiko lilikuwa upande gani. Ukiuchomoa, ni chuma chakavu. Kwa Kalenga jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi ya wakati ule kuhusu ngome hiyo yaliandikwa na walioibomoa. Upande wa Wahehe unabaki katika masimulizi yao na katika udongo. Hoja kwamba trekta litaharibu vyote hata hivyo ina ukweli nusu: jembe hugeuza udongo wa juu, lakini shimo la mtafuta hazina hukata tabaka zote na kuchanganya ya 1916 na ya karne nyingi nyuma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayohesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na kumruhusu waziri kutangaza vingine, inakataza kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni.

Umaskini unaowasukuma watu kuchimba si hoja ya kudharau, lakini hatari nayo ni ya kweli. Katika vita hivyo, mwaka 1916, majeshi yalipigana Malangali, Ngominyi na Lupembe, na mashine haitofautishi sarafu na kombora ambalo halijalipuka. Ukikuta chuma kizito kilichochongoka, usikiguse wala kukigonga. Weka alama mbali nacho na uwaite polisi. Ukikuta msingi wa jengo, uache ulivyo, toa taarifa kwa serikali ya kijiji, kisha ipeleke ramani yako makumbusho ya Boma la Iringa.