Manyunyu Juu ya Hodhi: Somo la Maji na Kimo

Mwaka huu nimepewa ukurasa niandike somo, nami nimechagua kueleza jinsi ya kutia bafu la manyunyu juu ya hodhi la zamani lenye miguu. Usicheke, mwenzangu! Hata kama kwenu mwaoga kwa ndoo na kata, somo hili lakuhusu.

Tuanze na maneno, maana sisi ni wanachama wa Kiswahili. Hodhi asili yake ni Kiarabu, nalo ni chombo kikubwa ambacho mtu huketi ndani akaoga. Birika, katika nyumba za mawe za Waswahili, ni tangi la kujengwa ambalo maji yake huchotwa kwa kata. Bafu limetoka Kiingereza. Manyunyu ni mvua nyepesi, ndiyo sababu maji yanayonyunyiza kutoka juu yameitwa hivyo, ingawa dukani utasikia tu "shawa".

Hodhi lenyewe ni la chuma cha kusubu, limepakwa enameli nyeupe, na lina miguu minne mfano wa makucha ya mnyama. Mtindo huo ulivuma Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa mabomba, katika nyumba moja kuukuu ya Malindi yenye hodhi kama hilo. Mwenye nyumba alikuwa amechoka kulijaza. Hebu piga hesabu: kulijaza kwataka kama lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Manyunyu yanayotoa lita 8 kwa dakika, ukioga dakika 4, ni lita 32 tu. Dumu moja na nusu na kidogo, basi!

Sasa sikiliza mambo manne.

1. Kimo. Tangi la nyumba ile lilikuwa juu ya jukwaa, na maji yakidondoka bafuni kama machozi. Mwenyewe akataka kununua tangi kubwa zaidi. Mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, huko shuleni mwafunzwa nini kuhusu maji?" Nikamjibu kuwa msukumo wa maji hautokani na ukubwa wa tangi, bali na kimo cha maji juu ya tundu yanapotokea. Maji ya kimo cha mita 10 husukuma kama hewa yote iliyo juu yetu. Kimo cha mita 1 ni sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hiyo. Kisha kumbuka kuwa muogaji husimama ndani ya hodhi, na hodhi limeinuliwa na miguu. Kichwa cha manyunyu kikiwa mita 2 kutoka chini ya hodhi, kutoka sakafuni ni mita 2 na ziada. Maji ya tangi yakiwa mita 3 juu ya sakafu, kimo kilichobaki hakifiki hata mita moja. Dawa yake ni kuinua jukwaa.

2. Ukuta. Kuta za matumbawe na chokaa hazishiki misumari ya parafujo vizuri. Kwa hiyo bomba la kupanda lisimame kwenye koki za hodhi, na lishikwe juu na boriti. Hodhi haligusi ukuta, basi pazia lataka fimbo ya kuzunguka pande zote, na ncha zake ziingie ndani ya hodhi, la sivyo sakafu itakuwa ziwa.

3. Pengo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Katika mahodhi mengi ya zamani, mdomo wa koki uko chini ya ukingo. Hodhi likijaa, mdomo huzama. Nanyi mwajua pwani yetu jinsi mifereji inavyokatika! Maji yakirudi nyuma bombani, bomba hunyonya kama mtu anyonyavyo dafu kwa mrija, na maji machafu ya kuogea huingia katika maji ya kunywa, pengine hata ya jirani. Kwa hiyo mdomo wa koki lazima uwe juu ya ukingo, na pengo la hewa libaki kati yake na maji. Manyunyu ya mkononi nayo yatundikwe, yasiachwe yamelala ndani ya maji. Vivyo hivyo mpira unaojazia pipa uani!

4. Chumvi na chokaa. Maji ya visima vya huku hupita katika mawe ya matumbawe, hivyo huziba vitundu vya manyunyu. Kivue kichwa ukiloweke katika siki, kisha ukisuuze. Siki isimwagwe hodhini, maana hula enameli. Paipu za chuma hushika kutu. Plastiki au shaba hudumu.

Wenzangu, elimu hii si ngeni kwetu. Nendeni Gede, mji wa mawe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Penye Msikiti Mkuu pana kisima na birika la kutawadhia. Maji yaliinuliwa kwanza kwa mikono, ndipo yakateremka yenyewe. Wazee wale walijua kuwa maji hayapandi mlima bure: ama uyainue wewe, ama uliinue tangi.

Zoezi:
(a) Maji ya tangi yako mita 5 juu ya sakafu, na kichwa cha manyunyu mita 2.2. Kimo cha msukumo ni kipi?
(b) Familia ya watu 6 ikioga kwa manyunyu, lita 32 kila mmoja, ni madumu mangapi?
(c) Kagua mpira wa pipa la kwenu. Je, mdomo wake umezama?

Swali la tatu lijibuni leo hii, kabla ya yale mawili. Wahenga walinena: ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyakoga. Basi na yawe maji safi.