KUMSHIKA MKONO MWANAFUNZI ALIYEVUNJIKA MOYO



Kila matokeo ya mitihani yatangazwapo, nyumba za Likoni, Kisauni na Changamwe hugawanyika mafungu mawili: zenye kupiga vigelegele, na zenye kufunga milango. Maneno yetu leo ni juu ya hizi za pili.

Mtoto aliyeanguka huambiwa kuwa ni mzito wa kichwa. Akiambiwa mara nyingi husadiki, na akisha kusadiki huacha kujaribu. Hapo kilichoharibika si akili, bali ni tumaini. Na tumaini halirudishwi kwa bakora wala kwa kufananishwa na mtoto wa jirani. Mwisho huenda maskanini, kwani maskani haimuulizi mtu cheti.

Tutazame mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Imamu Muslim amepokea kwamba Muawiya bin al-Hakam as-Sulami, aliyekuwa mgeni katika dini, alinena ndani ya sala. Watu wakamkodolea macho na kupiga mapaja yao. Sala ilipokwisha, Mtume hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana. Alimfahamisha tu kwamba sala si mahali pa mazungumzo ya watu. Muawiya akashuhudia kuwa hajapata kuona mwalimu mzuri kuliko yeye. Na papo hapo, mtu yule aliyekuwa ameaibika akaanza kuuliza masuala mengine! Hiyo ndiyo alama ya moyo uliorudi.

Na hapa kwetu Mombasa pana mfano. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh al-Amin bin Ali, alizaliwa mwaka 1933. Alipomaliza skuli alipata daraja ya tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere haikumpokea. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Siku moja ya Maulidi alihutubia, na Gavana Philip Mitchell alikuwapo akisikiliza. Akapendezwa naye, akataka kumjua. Kwa njia hiyo alifunguliwa mlango wa kwenda Huddersfield, Uingereza, kukamilisha masomo ya sekondari. Mwaka 1960 alihitimu Manchester, kisha akasoma Columbia na Oxford. Na Makerere ile ile ikampa uprofesa.

Basi karatasi ya mtihani haikuyaona yale aliyoyasikia mtu mmoja aliyetega sikio. Lakini Ali alipata mimbari. Mtoto wa Likoni avukaye feri alfajiri hana mimbari. Hapana budi sisi ndio tumwendee.

Kila aliyesoma miongoni mwetu na achukue mtoto mmoja, si kumi. Akae naye jioni mbili kwa wiki baada ya Magharibi. Amuulize fundo lilianzia wapi, kwani ashindwaye na hesabu za kidato cha tatu mara nyingi alipotea kwenye hesabu za sehemu za madarasa ya chini. Amrudishe huko bila ya kumcheka. Aanze na suala aliwezalo, kisha zito kidogo. Asitangaze makosa yake barazani. Na binti apatiwe mwalimu mwanamke miongoni mwa jamaa zake.

Kazi hii haitaki jengo wala mchango. Yataka subira na mkeka. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.