Kwa Nini Foleni Huanzia Makutano
ELIMU KWA UMMA: BARABARA NA UCHUKUZI

Msafiri anayetoka Meru kwenda Nairobi kupitia Embu hukutana na jina Makutano mara mbili: kwanza mjini Meru kwenyewe, kisha katika Kaunti ya Kirinyaga, pale barabara ya Embu inapoungana na ile ya kutoka Nyeri. Jina hilo linabeba somo la uchukuzi. Mara nyingi msongamano wa magari hauanzi katikati ya barabara, bali mahali ambapo barabara za ngazi tofauti hukutana.

Ngazi tatu za usafiri

Usafiri kati ya Embu na Meru una ngazi tatu. Ya chini ni njia za vijijini, ambako watu hutembea au hupanda bodaboda. Ya kati ni barabara zinazounganisha vijiji na masoko, zinazotumiwa na matatu na pikapu. Ya juu ni barabara kuu inayotoka Embu, ikapita Chuka na Nkubu hadi Meru. Majani ya chai, maziwa, ndizi na miraa huanza safari katika ngazi ya chini, na mizigo iendayo mbali huishia ile ya juu.

Umbo la ardhi huongeza uzito wa ngazi ya juu. Mito kama Rupingazi, Thuci, Nithi na Mutonga hutoka Mlima Kenya na kukata mabonde marefu. Barabara nyingi za vijijini hufuata migongo ya vilima. Zinazovuka mabonde ni chache. Anayetaka kufika ng'ambo, hata kama anapaona kwa macho, mara nyingi hulazimika kwenda hadi barabara kuu, avuke daraja, kisha arudi upande wa pili. Hivyo safari fupi ya jirani na safari ndefu ya basi hutumia daraja moja.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2016, watafiti Albert Solé-Ribalta, Sergio Gómez na Alex Arenas wa Hispania walionyesha kwamba mtandao wenye ngazi kadhaa unaweza kusongamana hata kama kila ngazi, ikiwa peke yake, ingehimili safari zake. Sababu ni kwamba kila msafiri hutafuta njia fupi zaidi. Ngazi moja ikiwa na kasi kuliko nyingine, safari nyingi huhamia huko na kurundikana.

Hesabu rahisi inaonyesha jinsi mrundikano huo unavyokua. Tuseme makutano fulani yanaweza kupitisha magari 10 kwa dakika, na asubuhi yanafika magari 12. Kila dakika magari 2 hubaki. Baada ya nusu saa foleni ina magari 60, na anayefika mwisho atasubiri dakika 6. Sasa tuseme bodaboda na matatu zinazopakia abiria mdomoni mwa barabara zimepunguza uwezo huo hadi magari 8. Foleni inakuwa na magari 120, na wa mwisho atasubiri dakika 15. Magari yanayofika hayakuongezeka hata moja.

Dakika hizo ni uhai kwa mgonjwa aliye katika ambulensi inayokimbilia hospitali ya rufaa ya Embu au Meru. Kwa mkulima wa miraa, ambayo hupoteza thamani inaponyauka, ni pesa.

Tiba iko wapi?

Kupanua barabara kuu pekee huvutia safari zaidi kutoka ngazi za chini, na makutano yakibaki yalivyo, foleni hubaki pale pale. Barabara ya kuzunguka mji huwasaidia wanaopita tu. Haimsaidii anayeshuka sokoni Gakoromone, kwa kuwa safari yake inaishia mjini.

Kuna hatua ndogo zenye faida kubwa: kuondoa steji kwenye mdomo wa makutano, kutenga njia ya magari yanayokata kona, na kujenga madaraja madogo ya kuunganisha vijiji ili safari fupi zisilazimike kuingia barabara kuu.

Makutano pia ndipo majukumu yanapokutana. Barabara kuu ya kitaifa iko chini ya mamlaka ya KeNHA. Barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma ni kazi ya serikali za kaunti, kulingana na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Foleni ya mahali pamoja basi inaweza kuhitaji ofisi mbili kuketi meza moja.

Sheria inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Wakazi wanaotoa maoni kabla ya hapo wanahimizwa wasitaje tu barabara wanayotaka iwekwe lami. Wataje pia makutano, steji au daraja linalowachelewesha, na saa ambazo foleni huwa ndefu zaidi.