Kihoro cha mtoto asiye na kaburi la kuzuru

Dada yangu wa Kilwa Masoko,

Pole sana. Umeniandikia habari za mtoto, lakini aliyepotea baharini ni kaka yako wa tumbo moja, nawe katika kurasa mbili hukujililia hata mara moja.

Nianze na neno lisilongoja. Unasema mwanao huyo, mtoto wa kaka yako, alitamka kwamba bora angekufa pamoja na baba yake. Mpeleke leo hospitali ya wilaya ya Kinyonga, pale Kivinje, umweleze daktari maneno hayo kama yalivyotoka. Usiku asilale peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Sasa nirudi kwenye lile uliloliandika pembeni, kama jambo dogo: alfajiri ile alitakiwa atoke na baba yake, akapitiwa na usingizi. Naona kinachomtesa ni hapo hasa. Mlisali sala ya ghaibu, mkasoma hitima, mkaanua tanga. Yeye mlimpeleka kwa ndugu asione vilio. Mlimhurumia, najua. Lakini aliporudi alikuta wakubwa wameshamaliza kulia, na kaburi la kwenda kupalilia halipo. Hatia yake hakuna aliyeisikia. Ndiyo maana anaweweseka, ameacha shule, na harufu ya bahari tu inamtetemesha.

Kihoro cha namna hii kina huduma yake. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watafiti walifuatilia watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa vikundi mara 12, na walezi wao wakawa na vikao vyao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha nafuu kubwa kuliko kwa wenzao waliopata huduma za kawaida, isipokuwa katika vijiji vya Moshi. Nakueleza na hilo, usije ukadhani ni dawa isiyoshindwa.

Katika huduma hiyo, mtoto hufundishwa kwanza kutuliza pumzi na kuitaja hali ya moyo wake. Kisha husimulia kifo kidogo kidogo, kikao baada ya kikao, mpaka aweze kufika mwisho wa kisa bila kukimbia. Hapo ndipo lile wazo la "ningekwenda ningemwokoa" hutolewa nje likapimwa. Upepo wa kusi ungemsikiliza mtoto wa miaka 14? Baadaye hurudishwa taratibu kwenye kile anachokiogopa. Kwa hiyo msimburute ufukweni eti azoee. Muulize ofisa ustawi wa jamii nani hapo wilayani amefunzwa kazi hii. Kama hakuna, hospitali ikuandikie rufaa kwenda Sokoine, Lindi.

Bibi yake akitaka kumsomea Yasini, amsomee. Kisomo hakigombani na matibabu. Ila asichapwe wala kufungiwa ndani kwa kuambiwa ana pepo, na hao wajomba wanaomwambia mwanamume halii wanyamaze.

Mkirudi kutoka Kivinje, kaa naye barazani, uanze wewe: mweleze unavyomkumbuka kaka yako, na ukilia, usimfiche machozi.