SOMO LA UFUNDI: KUSHUSHA SAUTI YA GITAA LENYE DARAJA LINALOELEA



Katika nchi jirani ya Tanzania, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964. Chama kilipobadilika, bendi nayo ilibadili jina: ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na baadaye Msondo Ngoma. Gitaa la bendi ya namna hiyo ni chombo cha kazi kama mashine ya kiwandani, tena ni mali ya wengi. Anayelishika hana budi kujua kulitunza.

Mwimbaji aliyetoka zamu hafikii sauti za juu kila siku. Kwa hiyo bendi huamua kushusha nyuzi za magitaa yote nusu toni, yaani kadiri ya freti moja, au toni nzima, yaani freti mbili. Gitaa la kawaida hukubali mara moja. Lakini gitaa la umeme lenye mkono wa kutikisia sauti husumbua. Ukishusha uzi wa sita, nyuzi nyingine tano hupanda. Ukishusha wa tano, ule wa sita nao hupanda tena. Wapo wanaodhani gitaa limeharibika. Halijaharibika; linafuata sheria ya mizani.

SABABU YAKE

Daraja la aina hii, lililojulikana sana kwa gitaa la Fender Stratocaster la Marekani tangu mwaka 1954, halikukazwa kwenye ubao. Limeegemea skrubu zake, nalo huelea kati ya nguvu mbili. Nyuzi sita hulivuta kuelekea shingoni. Springi zilizo mgongoni mwa gitaa, kwa kawaida tatu hadi tano, hulivuta upande wa pili. Nguvu hizo zikilingana, daraja hutulia.

Nyuzi za seti ya 10 hadi 46 (yaani sehemu za elfu za inchi) huvuta kwa jumla kiasi cha kilo 47 zikiwa katika sauti ya kawaida. Ukishusha nusu toni, mvuto hupungua kwa asilimia 11 hivi. Ukishusha toni nzima, kwa asilimia 21 hivi. Springi hubaki na nguvu zake zilezile, kwa hiyo zinashinda. Daraja linalala nyuma, nyuzi zinaishukia shingo na kukwaruza freti.

Basi dawa si kupigana na nyuzi. Dawa ni kupunguza nguvu ya springi.

HATUA ZA KUFUATA

Tayarisha bisibisi, kadi ngumu kadhaa, na chombo cha kupimia sauti. Zima amplifaya na uchomoe waya wa gitaa kabla ya kuanza.

1. Gitaa likiwa bado katika sauti ya kawaida, litazame kwa ubavu. Pima pengo lililopo chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Katika magitaa mengi ni milimita 3 hivi. Liandike.

2. Panga kadi mpaka zilijaze pengo hilo bila kulisukuma daraja. Sasa daraja haliwezi kulala nyuma.

3. Kama gitaa lina kufuli za nyuzi juu ya shingo, zifungue kwanza. Kisha shusha nyuzi zote hadi sauti mpya. Kwa kuwa daraja limezuiwa, nyuzi hazitasumbuana.

4. Fungua kifuniko cha mgongoni. Utaona springi zimeshikwa na kipande cha chuma chenye skrubu mbili ndefu zilizoingia katika ubao. Legeza skrubu hizo, nusu mzunguko kila moja, kwa zamu, ili zilingane.

5. Kila baada ya kulegeza, jaribu kuvuta kadi. Zikitoka kwa wepesi na daraja likabaki mahali pake, nguvu zimelingana. Simama hapo. Ukiendelea kulegeza, daraja litainuka na nyuzi zitashuka sauti kupita kiasi.

6. Pima sauti tena, tikisa mkono mara chache, kisha rekebisha. Funga kufuli, kama zipo, na urudishe kifuniko.

MAMBO YA KUANGALIA

Skrubu zikikaribia kutoka katika ubao, usiendelee. Ondoa springi moja, kisha kaza skrubu na uanze kupima upya. Ishike springi kwa koleo na uelekeze uso kando, kwani huruka.

Njia nyingine ni kubadili nyuzi. Seti ya 11 hadi 49 ikishushwa nusu toni, huvuta karibu sawa na seti ya 10 hadi 46 katika sauti ya kawaida. Springi hazitahitaji kuguswa sana. Hakikisha tu kwamba nyuzi nene zinaingia vizuri katika mifereji iliyo juu ya shingo.

Shingo nayo hunyooka kidogo mvuto unapopungua. Nyuzi zikikwaruza, subiri hadi kesho yake kabla ya kugusa chuma cha ndani ya shingo.

Mwisho, bendi ichague sauti moja na kubaki nayo. Gitaa hili halifai kushushwa na kupandishwa katikati ya dansi, kwani kila badiliko linadai mizani mpya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kushusha uzi mmoja hupandisha nyuzi nyingine?
2. Kadi zina kazi gani katika hatua ya tatu?
3. Bendi yenu inataka kushusha toni nzima. Mtalegeza springi, mtabadili nyuzi, au mtafanya yote mawili? Toeni sababu.